Dakika Kumi na Nane

Odia, ambaye huniita Tantine, yaani shangazi, alinipigia simu nikiwa barazani nachambua mboga za lengalenga, akaniambia baba yake ametuacha. “Juzi asubui, Tantine. Kule Mbujimayi.” Sikulia. Niliuliza yale ambayo kila mtu huuliza, aliugua nini, mama yake yuko vipi, anazikwa lini, naye akajibu yote kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyajibu mara hamsini. Kisha akaniomba jambo. “Tunaomba uandike maneno kidogo ya kusoma ku misa ya kumaliza matanga. Weye njo ulimujua mu kazi kupita bantu yote.” Nilikubali upesi, ili simu ikatwe. Hiyo ilikuwa Jumanne. Hadi Jumamosi nilikuwa nimeandika na kuchana karatasi nne, kila moja ikisema marehemu alikuwa mpole, mchapakazi, Mkristo mwema. Yote kweli, na yote takataka. Huwezi kusema ukweli juu ya Papa Mbuyamba bila kusema habari za mwaka mmoja, na mwaka huo naujua kuliko ninavyotaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi katika chumba chenye baridi kuliko vyote Likasi, mji wetu wa migodi ya shaba. Kituo chetu cha mashine, sisi tulikiita Centre, kilikuwa kinahudumia viwanda kadhaa vya mji: majina ya wafanyakazi, vipuri vya ghala, nyumba za kambi, kadi za zahanati. Nje kulikuwa na vumbi jekundu na harufu ya asidi iliyokwaruza koo. Ndani sakafu ilikuwa imeinuliwa, nyaya zikipita chini yake, na mashine moja ilichukua ukuta mzima, iliyonunuliwa wakati shaba ilikuwa shaba. Mwaka ule wa mwanzo wa miaka ya tisini kila kitu kilikuwa kinaporomoka. Tanuru zilizimwa moja baada ya nyingine, walimu waliuza mikate mbele ya nyumba zao, wanaume wenye diploma walipanda baiskeli kwenda Kamatanda kuokota mawe ya madini. Lakini sisi tulivaa sweta. Nilikuwa na kiburi cha sweta ile, niseme tu.

Papa Mbuyamba ndiye aliyekuwa fundi wa mfumo, yaani mtu wa kuiambia mashine namna ya kuishi, wakati sisi wengine tuliiambia tu nini cha kufanya leo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, na wazungu wa migodi, kama watu wanavyoleta ng'ombe wa kulimia, na alipochoka wakamwacha hapa. Yeye mwenyewe alizaliwa Likasi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kiswahili chake kilikuwa chetu, mke wake Mama Ngalula alinunua samaki wa ziwa Tshangalele kwa wanawake walewale waliomuuzia mama yangu, na kwaya yake ya Jumapili ilikuwa yetu. Naandika haya kwa hasira kwa sababu mwaka ule ilibidi watu waanze kuyaeleza, kana kwamba mtu anapaswa kutoa hoja ili alale nyumbani kwake.

Alinichukua kunifundisha vigezo. Nitaeleza kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilichofanya. Programu zetu zote zilikaa kwenye diski, ndani ya kitu tulichokiita maktaba, na mbele ya kila maktaba kulikuwa na faharasa. Programu moja kubwa ilikuwa inaita vipande vidogo vingi, na kila ilipoita kipande, mashine ilikwenda kusoma faharasa upya, ikakitafuta kipande, ikakileta, ikakitumia, ikakitupa. Sekunde moja baadaye ikakihitaji tena, ikaenda tena. Ni mama anayepika huku anakimbia sokoni Kikula kwa kila chembe ya chumvi. Basi kulikuwa na programu nyingine ya kusimamia maktaba, kazi yake ni kuweka chumvi jikoni: ilishika faharasa na vile vipande vinavyoitwa mara nyingi ndani ya kumbukumbu ya mashine, mémoire kwetu, ili visitafutwe tena. Lakini haikuwa na akili yake. Ilibidi uiambie maktaba zipi za kulinda, uipe kumbukumbu kiasi gani, kipande kiitwe mara ngapi kabla ya kushikwa, na vipande gani visishikwe hata iweje. Kumbukumbu ilikuwa ndogo mno. Ukikosea, kazi ya dakika kumi ilichukua nusu siku. “Mwana,” Papa Mbuyamba aliniambia wiki ya kwanza, “mashine haiko muchawi. Inafanya paka ile ulisema, ile tu. Kama ulisema mubaya, itafanya mubaya, tena mbio.”

Alikuwa na desturi moja iliyotuudhi vijana. Kila mstari wa vigezo ulikuwa na herufi za mtu aliyeuandika, na hukuruhusiwa kuubadilisha mpaka ukae na mtu huyo, yeye ausome kwa sauti, wewe ufuatishe kwa kidole kwenye skrini. Kwa sauti, kama somo la misa. Alikuwa anasema macho ya mtu mmoja yanasoma kile anachotaka kuona. Tuliyafanya hayo Jumatatu baada ya chakula, maana Jumatatu ndipo tulipochapa hesabu ya wiki: kipande gani kimeitwa mara ngapi na nani. Tulikula chumba cha karatasi, kati ya masanduku, kwa kuwa kantini ilikuwa imefungwa. Mama Ngalula alimfungia bukari, yaani ugali, kwenye sufuria ndogo ya alumini, na samaki wakavu waliopikwa na nyanya, na siku zote ilikuwa ya watu wawili ingawa hakuna aliyesema kwamba wa pili ni mimi. Alikuwa anamega, anatafuna, anasoma hesabu, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kujifunza kitu kingine vizuri hivyo, wala kula vizuri hivyo mwaka wa njaa.

Mvua zilipoanza, kipande kimoja kilianza kupanda kwenye hesabu. Kilikuwa cha programu ya zamani iliyopanga wafanyakazi kwa eneo la asili, yaani si ulikozaliwa wewe, bali alikotoka babu yako. Zamani iliitwa mara moja kwa mwaka. Sasa iliitwa kila siku. Papa Mbuyamba aliitazama karatasi muda mrefu, bukari imepoa mkononi. Akauliza, “Iko naitwa na nani?” Nikamwonyesha: ofisi ya Chef Kisimba, mkuu wa Centre. Alasiri ile aliandika mstari mpya kwenye orodha ya vipande visivyoshikwa kamwe, akaweka na maelezo yake: kisishikwe, kinaharibu vingine. Na herufi zake. Hakuusoma kwa sauti, na mimi sikuuliza.

Bila kushikwa, kipande kile kilitafutwa upya kwenye diski kwa kila jina la kila mfanyakazi, na orodha ya wafanyakazi kwa asili ilihitaji saa nne na zaidi. Mwaka ule umeme wa Likasi haukumaliza saa nne. Mvua, nyaya zilizoibwa, transfoma iliyochoka. Kila siku ulikatika, na programu ile ya kizamani haikujua kuendelea pale ilipoachia. Ilianza upya kutoka jina la kwanza. Wiki ya kwanza orodha haikutoka. Wiki ya pili haikutoka. Mjini watu wa asili ya Kasai walikuwa wameanza kuitwa wadudu, na redio, na mikutano, na watu niliokomunika nao misani walikuwa wanasema neno hilo huku wanacheka. Sitajifanya sikusikia. Nililisikia sokoni, nililisikia kwenye teksi-basi, nikaangalia nje.

Wiki ya tatu nilikuwa napanga karatasi za printa karibu na ofisi ya mkuu, na ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Ndani kulikuwa na wanaume wawili wa kamati, sijui kamati ya nani, mwaka ule kila aliyekuwa na kalamu alikuwa na kamati. Mmoja alisema, “Tunaomba liste paka moja tu. Wiki tatu. Bafundi benu habayue kazi?” Chef Kisimba akajibu, “Courant inakatika, kazi inaanza tena ku mwanzo. Mashine iko na shida.” Kisha yule mwingine, taratibu: “Shida iko mashine, ao iko ule muzee munamuacha pale?” Nilisikia maneno yote. Na kati ya yote, lililoniuma ni lile la mafundi wasiojua kazi. Ndivyo nilivyokuwa. Watu wawili walikuwa wanapanga kuwatoa jirani zangu majumbani, nami nilikasirika kwa sababu wametukana vigezo vyetu.

Siku iliyofuata, Jumatano, Papa Mbuyamba na wenzake watatu wa asili ya Kasai waliambiwa wabaki nyumbani “wapumzike”. Alhamisi asubuhi Chef Kisimba aliniita. Aliniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kufanya. “Mademoiselle Régine Mwape, weye uko mutoto wa hapa. Sasa kazi iko mu mikono yako. Ile liste itatoka ao haitatoka?” Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mashine imechoka, angeamini, kila kitu kilikuwa kimechoka. Nilisema, “Itatoka, Chef. Kama courant iko, leo.”

Nilifungua vigezo, nikauona mstari. Nilikuwa nimekwisha kuupigia hesabu kichwani kwa siku kadhaa, na nilijua maelezo yake si kweli: kipande kile hakiharibu chochote, kumbukumbu ilitosha. Nilifikiri mzee wangu amekosea. Nilifikiri anazeeka. Moyoni nilifurahi kumpita, nami sikuwa na mtu wa kukaa naye asome kwa sauti, nikasoma peke yangu, kimoyomoyo, na macho yangu yakaona yalichotaka. Nilifuta mstari wake. Nikapandisha kumbukumbu kidogo, nikaweka kipande kishikwe tangu mwanzo, nikatia herufi zangu. Nilianzisha kazi saa tatu na robo. Umeme haukukatika. Dakika kumi na nane baadaye printa ilianza kulia, na karatasi ikawa inakunjana nyuma yake, ukurasa kwa ukurasa, majina, namba za nyumba, eneo la asili. Chef Kisimba alikuja mwenyewe kuichukua. Alinipiga bega, akasema, “Voilà. Njo mufundi.” Siku hiyohiyo nilihamishiwa meza ya Papa Mbuyamba. Nilikaa. Kiti kilikuwa kizuri kuliko changu.

Ijumaa vijana walikuwa wanapita mitaani na kurasa zile, wamezigawana. Hawakuhitaji tena kubahatisha kwa jina wala kwa lafudhi. Walikuwa na namba ya mlango. Jumamosi asubuhi familia ya Mbuyamba ilitolewa nje na walichoweza kubeba, na jioni walikuwa kwenye stesheni ya treni pamoja na maelfu ya wengine, chini ya mashuka na maturubai, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Siku hizi watu wa mji wangu huyaita hayo “matukio”. Wanasema matukio yalipotokea, kama mvua ya mawe. Hayakutokea. Yalifanywa, na waliofanya walikuwa na majina, na walirudi nyumbani wakala, na wengine wao bado wanapokea Ekaristi mbele yangu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda stesheni na bukari na sombe, yaani kisamvu, kwenye sufuria. Niliwatafuta muda mrefu. Mama Ngalula alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mwanawe mdogo, Kabeya, miaka miwili, amefungwa mgongoni kwa kitenge. Odia, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa anashika foleni ya maji. Mama alipokea chakula kwa mikono miwili, akakigawa, akaisafisha sufuria kwa majivu, na hakunirudishia tupu, maana sufuria ya mtu hairudi tupu. Alitia karanga kiganja kimoja. Pale stesheni, ambapo karanga kiganja kimoja ilikuwa chakula cha mtoto. Nilitaka kukataa, na kukataa kungekuwa tusi, nikachukua. Kisha Papa Mbuyamba akaniita pembeni, karibu na reli.

“Dakika ngapi?” aliuliza.

Nilijua anauliza nini. “Kumi na nane, Papa.”

“Minye nilihesabu kumi na tano. Ulipatia mashine mémoire kidogo.” Alisema kwa sauti ya Jumatatu zetu, ya mtu anayesahihisha daftari, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akatazama reli. “Haikuharibu zingine. Weye ulijua. Nilikuwa natafuta siku kidogo tu.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliichelewesha orodha makusudi, nimesimama na sufuria yenye karanga. Na badala ya kupiga magoti, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye. “Juu ya nini hukuniambia? Ningeacha. Ningeuacha ule mustari.”

“Ningekuambia, ningekubebesha kintu ya buzito.”

“Sema kweli, Papa.”

Alinitazama bila chuki, na hilo sijamsamehe hadi leo. “Sikujua utakuwa upande gani, mwana,” alisema.

Alikuwa amenilisha mwaka mzima kutoka kwenye sufuria ya mke wake, na hakujua. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba amenidhulumu, kwamba kama angeniamini yote yangekuwa tofauti. Miaka mingi nilibeba hasira hiyo, ilikuwa afadhali kuliko ile nyingine. Lakini nililelewa na watu wanaosema ukweli hata ukiuma, na ukweli ni kwamba alijiuliza swali zuri. Upande wangu alikuwa ameusoma vizuri. Nilikuwa nimesikia nyuma ya ukuta wa mbao, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake.

Nilirudi stesheni wiki mbili baadaye na unga. Surua ilikuwa imepita kwenye maturubai. Mama Ngalula alikuwa amesimama anazungumza na mwanamke mwingine habari za behewa, kitenge amekifunga kifuani vilevile, kwa fundo lilelile, na mgongoni hapakuwa na mtoto. Nilimpa unga. Alisema, “Asante, mwana,” na siku ya tatu yake treni ikawachukua.

Nilifanya kazi pale miaka miwili zaidi. Watu wanapenda hadithi ambamo mtu anaacha kazi, anatupa funguo mezani. Mimi sikuacha. Nilivaa sweta. Mashine ilikufa polepole, fundi wa kuitibu tulikuwa tumemweka kwenye behewa, na kila ilipokwama Chef Kisimba alilalamika kwamba siku hizi hakuna tena watu wa kazi. Alilalamika mbele yangu, bila aibu hata chembe. Wafanyakazi wa zamani tuliobaki tunakutana parokiani kila mwaka, tunakula kuku, na lazima mmoja aseme enzi zile Centre ilikuwa inatembea vizuri, kuna siku binti huyu alitoa orodha kwa dakika chache tu, mnakumbuka? Wananisifu kwa hilo. Mwaka jana niliacha sahani nikatoka, wakadhani tumbo linaniuma.

Basi Jumamosi ile nilichana karatasi ya nne, nikampigia Odia. Nilitaka kumwambia nimeshindwa kuandika, amtafute mwingine. Alifurahi kusikia sauti yangu. Kabla sijasema neno akaanza kunihadithia baba yake, jinsi wenye msiba wanavyofanya. Akasema huko Mbujimayi, Kasai, alifundisha hesabu shule ya sekondari, hakugusa mashine tena. Akasema katika maisha yake yote hakuwalaumu watu, hata wale vijana waliobeba redio yao. Alilaani kitu kimoja tu.

“Courant, Tantine. Kila mara ilikatika, huku kwetu inakatika kila siku, alikuwa anacheka na hasira: leo unakatika, na ile siku ulikataa. Alikuwa amepata lori ya mutu wa samaki, ya kutupeleka Lubumbashi kwa mujomba. Lori ya lundi. Kama courant ilikatika ile jeudi sawa siku zingine, liste haingetoka, na lundi tungekuwa tumeenda, sisi bote, na Kabeya. Njo vile alituambiaka. Ni courant.”

Alikuwa ananingoja niseme kitu. Jeudi hadi lundi, Alhamisi hadi Jumatatu, ni siku nne. Sikuwahi kujua habari za lori; alisema siku kidogo, nami sikuuliza kidogo kiasi gani, kwa ajili ya nini. Na miaka yote hiyo, mezani kwake, mbele ya mke wake na watoto waliobaki, alikuwa ameutukana umeme ili jina langu lisitajwe. Mtu huyo ambaye hakujua upande wangu.

“Odia,” nilisema, “haikukuwa courant. Ilikuwa minye.”

Simu haikukatika. Nilisikia kuku wa huko kwao, nilisikia mtu anapanga viti. Kisha nikasikia sauti ya Mama Ngalula, imezeeka lakini ileile, ikiuliza kutoka ndani kama Régine amekwisha kutuma yale maneno ya kusoma.

“Ngoja, Mama,” Odia alimjibu. “Njo anasema sasa.”